Laki tatu na nusu ya nani?

Mzee anayelinda maduka ya karibu na ninapoishi aliniuliza swali mwanzoni mwa mwaka huu, gazeti la zamani likiwa limekunjwa kwapani: "Mwanangu, hii laki tatu na nusu na ushee wanaanza kutupa mwezi gani?" Nilimwamkia, nikasimama, nikatafuta jibu fupi nikalikosa. Alikuwa amesoma sawasawa kilichoandikwa. Kilichokuwa na kasoro ni namna jambo lenyewe lilivyoelezwa, na ndiyo maana nimeona niliandike kwa urefu.

Katikati ya Oktoba 2025 Serikali, kupitia kwa Ridhiwani Kikwete aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira, ilitangaza amri mpya ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi Tanzania Bara. Taarifa ilisema kima kimepanda kutoka shilingi 275,060 hadi shilingi 358,322 kwa mwezi, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. (Zanzibar ina sheria na viwango vyake, sitaigusa hapa.) Miezi michache kabla, kwenye sherehe za Mei Mosi mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa amepandisha kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Matangazo hayo mawili yamechanganyika vichwani mwa watu. La watumishi wa umma lilikuwa na kiwango kimoja, likaeleweka. La sekta binafsi likapokelewa kana kwamba nalo lina kiwango kimoja.

Tangu hapo mjadala umegawanyika. Wapo wanaosema laki tatu na nusu haitoshi hata kodi ya chumba, nauli na unga kwa anayeishi Dar es Salaam. Wapo wanaosema waajiri wadogo watafunga milango na vijana watarudi vijiweni. Pande zote mbili zinavutana juu ya kitu ambacho hakipo. Shilingi 358,322 si kima cha chini cha mtu yeyote. Ni wastani wa viwango vingi vilivyopangwa kwa sekta mbalimbali, na wale hasa ambao kima cha chini kilitungwa kwa ajili yao wako mbali sana chini ya wastani huo. Kugombea ukubwa wa wastani kumetutoa kwenye maswali mawili yenye uzito: nani amewekwa kwenye mstari upi wa amri, na saa zake za kazi anazihesabu nani.

Tuiangalie amri iliyotangulia, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, kwa kuwa hiyo tumeishi nayo miaka mitatu. Mfanyakazi wa taasisi ya fedha aliwekewa 592,000 kwa mwezi. Wa kampuni ya kimataifa ya nishati, 592,000 vilevile. Mgodi wenye leseni ya uchimbaji, 500,000. Mkandarasi wa daraja la kwanza, 420,000. Kisha jedwali linateremka: viwanda na biashara 150,000, mlinzi wa kampuni ndogo 148,000, mfanyakazi wa shambani 140,000, mfanyakazi wa ndani anayekwenda kulala kwake 120,000, na mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri 60,000. Kati ya mstari wa juu na wa chini kuna tofauti ya karibu mara kumi. Ukivikusanya viwango vyote vya jedwali na kuvigawa ndipo unapata 275,060, namba ambayo hakuna mfanyakazi aliyeandikiwa.

Wastani wa aina hii una tatizo jingine lisilosemwa. Unahesabu mistari, hauhesabu vichwa. Mstari wa benki, wenye wafanyakazi ambao wengi wanalipwa juu ya kima hicho tangu siku ya kwanza, una uzito uleule na mstari wa kilimo au wa kazi za ndani, ambako ndiko waliko watu wengi na ndiko kima kinakokuwa mshahara wenyewe. Kwa hiyo amri inaweza kupandisha wastani kwa zaidi ya asilimia 30, kama hii ilivyofanya, na mtu wa mstari wa mwisho akabaki na fedha ambayo waziri angeona vigumu kuisimamia jukwaani. Amri mpya imepandisha viwango, nami naishukuru kwa hilo. Umbo la jedwali imeliacha lilivyokuwa.

Umbo hilo lina sababu, na ni haki kuieleza kabla ya kulipinga. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, inaunda bodi za mishahara zenye wawakilishi wa wafanyakazi na wa waajiri, na inazitaka zipime mambo kadhaa kabla ya kumshauri waziri: uwezo wa mwajiri kuendelea na biashara yake, hali ya biashara ndogo na mpya, gharama za maisha, kupunguza umaskini, na kiwango cha chini ambacho mtu anaweza kuishi nacho. Ni orodha nzuri. Mantiki ya sekta nayo ni rahisi kuielewa: mgodi wa dhahabu na shamba la chai havifanani mapato, kwa nini vifanane mshahara? Chama cha Waajiri, ATE, kingeweza kusimama juu ya hoja hiyo bila aibu.

Lakini tazama hoja hiyo inakuwa nini ikitekelezwa. Kati ya vipimo vyote vya sheria, kimoja tu kinabadilika sana kutoka mstari mmoja hadi mwingine, nacho ni uwezo wa mwajiri. Bei ya unga haimuulizi mtu anafanya kazi sekta gani. Kodi ya chumba Mbagala ni ileile kwa mhudumu wa benki na kwa mlinzi wa nje ya benki hiyohiyo. Jedwali lenye pengo la mara kumi linatuambia kwamba gharama za maisha zilipimwa kidogo na mfuko wa mwajiri ukapimwa sana. Matokeo yake ni kwamba kinga inakuwa nene pale ambapo haihitajiki. Mtu wa benki ana mkataba wa maandishi, ana chama cha wafanyakazi, ana ujuzi wa kumpeleka benki nyingine. Kima cha chini kinamgusa kidogo. Anayekihitaji ni yule asiye na chochote cha kujadiliana nacho zaidi ya kuondoka, na huyo ndiye tuliyempa mstari wa mwisho.

Mstari huo wa mwisho una historia ndefu kuliko Jamhuri yenyewe. Enzi za mkoloni, mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yaliendeshwa na manamba, wanaume waliosombwa kutoka Kigoma, Nyanda za Juu Kusini, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha nguvukazi, SILABU, kwa kazi hiyohiyo. Mtu alipewa kipande, kadi ya siku thelathini za kazi, na mshahara ulikuja siku zikitimia. Mshahara wenyewe ulipigwa hesabu ya mwanamume mmoja asiye na familia. Mke na watoto walihesabiwa kuwa wako kijijini, wanalima, wanajilisha. Shamba la mkonge lilikuwa linalipa nusu ya gharama ya mfanyakazi wake, nusu nyingine ikilipwa na jembe la mke wake bila kuandikwa popote.

Baada ya Uhuru, mwaka 1962, bodi iliyoongozwa na D. P. Chesworth ilipendekeza kima cha chini kipya ambacho nia yake ilikuwa kuuvunja utaratibu huo, ili mfanyakazi aweze kukaa na familia yake mahali pa kazi na kazi iwe ya kudumu. Mishahara ilipanda kwa kasi. Miaka michache baadaye ajira mashambani zikawa zimeporomoka. Ripoti ya H. A. Turner ya mwaka 1967, iliyoandikwa chini ya Shirika la Kazi Duniani, iliona mishahara imekimbia kuliko uchumi, na Serikali ikakubaliana nayo ikabana. Mwaka huohuo Azimio la Arusha lilikuwa limeonya kwamba watu wa mijini wanaweza kugeuka wanyonyaji wa wakulima. Hapo ndipo ilipo hoja nzito kuliko zote dhidi ya kima cha chini, na sitaki kuipita mbiombio: katika nchi ambayo watu wengi hawana mwajiri, kumpandishia mshahara mwenye ajira kunaweza kuwa ni kuwapa walio nacho kwa gharama ya wanaosubiri mlangoni.

Nimeifikiria hoja hiyo kwa miaka, na bado naiheshimu. Ila kisa cha mkonge hakithibitishi kile ambacho husemwa kuwa kinathibitisha. Bei ya mkonge duniani ilikuwa juu mwaka 1963 na 1964, ndipo ikaanguka, kwa sababu kamba na magunia ya nyuzi za plastiki yalikuwa yameingia sokoni. Shamba lingepunguza watu hata kama mshahara usingeongezwa senti moja. Mshahara ulichangia, kwa kuwa wenye mashamba walibana kazi na kutaka kila mtu akate zaidi. Kiasi gani kilitokana na mshahara na kiasi gani na plastiki ni mjadala halali. Asiyetaja plastiki kabisa anasimulia nusu ya kisa.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Afrika Kusini, na uzuri wake ni kwamba unawanyima raha watu wa pande zote. Mwaka 2002 nchi ile iliweka kwa mara ya kwanza kima cha chini kwa wafanyakazi wa ndani, na mwaka uliofuata kwa wafanyakazi wa mashambani. Wachumi walifuatilia. Kwa wafanyakazi wa ndani, mishahara ilipanda kwa kiasi kinachoonekana na hapakuwa na ushahidi wa nguvu kwamba kazi zilipotea. Kwa wafanyakazi wa mashambani, mishahara ilipanda na ajira zikapungua. Sheria za aina moja, nchi moja, matokeo mawili. Mwenye shamba anaweza kununua mashine au kubadili zao. Mwenye mtoto mchanga hana mashine ya kununua. Anayesema kima cha chini hakiui ajira kamwe, na anayesema kinaziua daima, wote wanasema jambo ambalo halikuwatokea watu hawa.

Kuna hoja moja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosikika zaidi sebuleni, hata kwa watu wema. Inasema: dada wa kazi anakula bure, analala bure, anaoga kwa sabuni yetu, elfu sitini yote ni akiba yake. Tuipigie hesabu kwa namba za amri ya 2023. Tofauti kati ya anayelala kwake na anayelala kwa mwajiri ilikuwa 60,000 kwa mwezi, yaani 2,000 kwa siku ya chakula na kitanda. Kwa bei hiyo, mtu atasema dada amepata nafuu, na kama angekuwa mpangaji ningekubali. Lakini dada halali pale kwa sababu amekosa chumba. Analala pale kwa sababu mwajiri anamtaka pale, mtoto akilia saa nane usiku awepo, geti likigongwa saa kumi na moja alfajiri awepo. Kitanda ni sehemu ya kazi, kama kibanda cha mlinzi kilivyo sehemu ya lindo. Hakuna anayemkata mlinzi kodi ya kibanda.

Kisha hesabu saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inaweka mwisho wa saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, ambazo ni saa 195 kwa mwezi. Elfu sitini ikigawanywa kwa 195 inatoa karibu shilingi 308 kwa saa. Dada anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote anafikisha saa kumi na nne bila shida, siku saba. Hizo ni zaidi ya 400 kwa mwezi, na saa moja ya kazi yake inashuka chini ya shilingi 150. Nani kati yetu angekaa na mtoto wa mtu mwingine saa nzima kwa shilingi 150? Mstari ule wa 60,000 ulikuwa mshahara uleule wa manamba uliovaa kanga. Mstari huo ulidhani kuna mtu mwingine kijijini anayelipia kilichobaki, na mara nyingi mtu huyo ni mama yake mwenye jembe.

Upande mwingine wa suala hili unaniuma, kwa sababu waajiri wengi wa dada si matajiri. Fikiria mhudumu wa hospitali ya umma anayelipwa kima kipya cha 500,000. Ana watoto wawili na zamu za usiku. Bila dada haendi kazini. Ukimwambia amlipe dada 358,322, unamtaka atoe zaidi ya asilimia 70 ya mshahara wake kabla ya makato. Hawezi, na hatafanya. Atamwita binti wa shangazi kutoka kijijini, amwite "mdogo wangu" badala ya mfanyakazi, na sheria itakuwa imepoteza hata yule mmoja iliyekuwa inamwona. Ugumu huu ni wa kweli, na anayedai kiwango kimoja kesho asubuhi anaukwepa.

Lakini tuangalie ugumu huo unasema nini hasa. Unasema malezi ya watoto wa mijini yana gharama ambayo mishahara ya wazazi haiwezi kuibeba, na kwa sasa gharama hiyo inabebwa na msichana wa miaka kumi na tisa kwa kulipwa pungufu. Serikali ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na vituo vya kulelea watoto mchana vimo katika mipango yake. Sijaona hata mara moja kituo cha kulelea watoto kikijadiliwa pamoja na kima cha chini, na hapo ndipo panapokosekana kiungo. Mhudumu yule akiwa na mahali salama pa kumwacha mtoto mchana, hahitaji mtu wa saa kumi na nne. Anahitaji msaidizi wa saa nne au tano, anayelipwa kwa saa, anayekwenda kulala kwake. Mshahara wa saa unaweza kupanda bila gharama ya mwezi kumshinda mwajiri. Kazi ya kulala ndani itabaki kwa wanaoitaka kweli na wanaoweza kuilipia.

Afrika Kusini inatufundisha pia namna ya kutembea. Kima cha kitaifa kilipoanza tarehe 1 Januari 2019 kilikuwa randi 20 kwa saa. Wafanyakazi wa mashambani walianza na randi 18 na wa ndani na randi 15. Hawakuachwa hapo. Wa mashambani waliunganishwa na wengine Machi 2021, wa ndani Machi 2022. Miaka mitatu kutoka robo tatu hadi sawa. Namba zao si zetu na uchumi wao si wetu, na ajira zao zina matatizo makubwa kuliko yetu kwa namna nyingine. Ninachokitazama ni wazo la kuziba pengo hatua kwa hatua, huku kila mtu akijua linakopelekwa. Mwajiri akijua leo kwamba mstari wa kazi za ndani utafikia theluthi mbili ya mstari wa biashara mwaka fulani, na utakuwa sawa nao mwaka fulani mwingine, anajipanga. Amri zetu huja kwa kushtukiza, na baada ya hapo kimya.

Majirani wanatuonyesha njia mbili. Kenya, ambayo nayo ina viwango vingi, imemweka mfanyakazi wa nyumbani kwenye mstari mmoja na kibarua wa kawaida, mfagiaji na tarishi: kuanzia Novemba 2024, shilingi za Kenya 16,113.75 kwa mwezi kwa Nairobi, Mombasa na Kisumu. Wengi hawalipwi hivyo, nalijua hilo. Hata hivyo anayedai anajua anadai nini, na sheria haimwambii kwamba kufua na kulea ni kazi pungufu kuliko kufagia ofisi. Uganda iliweka shilingi zake 6,000 mwaka 1984 na kuziacha hapo hadi zikapoteza maana. Bunge lilipopitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais Museveni hakuusaini.

Sisi tuliwahi kuelekea huko kwa Uganda. Amri ya mwaka 2013 ilianza Julai mwaka huo na haikuguswa hadi Januari 2023, miaka tisa na nusu. Mfanyakazi wa shambani alikuwa na 100,000 mwanzoni, na amri mpya ikampa 140,000. Ongezeko la asilimia 40 linapendeza masikioni. Bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, na katika kipindi hicho wastani wetu haukuwa chini ya hapo, kwa miaka tisa na nusu zinakuwa zimepanda kwa karibu asilimia 45. Mtu yule alipandishiwa mshahara na akanunua kidogo kuliko alivyonunua mwaka 2013. Safari hii tumesubiri miaka mitatu, na huo ni uungwana mkubwa zaidi. Ningependa miaka mitatu iwe kanuni, na hesabu ya bei iingie kwenye mshahara bila kusubiri hotuba ya mtu. Na kwa kuwa tunazungumzia hesabu: kiwango cha mshahara kisichotozwa kodi kiliwekwa kwenye 270,000 mwaka 2020. Amri hii ilipotangazwa kilikuwa bado hapohapo, ikiwa na maana kwamba mtu wa 358,322, baada ya mchango wake wa asilimia 10 wa hifadhi ya jamii, anaacha kama 4,200 za kodi kila mwezi. Serikali inayompandishia kwa mkono mmoja ingeweza kuuinua na huo mwingine.

Swali la pili, la nani anahesabu saa, ndilo ninaloliona zito zaidi, na ndilo lisilojadiliwa kabisa. Amri hupanga mshahara wa mwezi, lakini watu wa mistari ya chini hawalipwi kwa mwezi jinsi amri inavyodhani. Mchuma chai Mufindi analipwa kwa kilo. Mpalizi anapewa ngwe, na ngwe ikirefushwa kidogo mshahara umeshushwa bila mtu kuandika barua. Wa kiwandani anaitwa kibarua mwaka wa sita mfululizo, analipwa kwa siku aliyoonekana getini. Kwa wote hawa, kima cha chini kinaweza kupanda kwenye Gazeti la Serikali na kubaki palepale mfukoni, kwa sababu anayeshika kipimo, awe mnyapara, karani wa mizani au msimamizi wa zamu, ni mtu wa mwajiri. Maafisa kazi ni wachache na hawawezi kusimama kwenye kila mizani. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ipo na imewasaidia wengi, ila huko hufika zaidi mtu aliyekwisha kuachishwa kazi. Aliye bado kazini anaogopa.

Pa kuanzia papo, na hapahitaji sheria mpya, nako ni kwenye zabuni za Serikali yenyewe. Ofisi za umma hununua ulinzi na usafi kutoka kampuni binafsi, na bei ya chini hupendwa. Lindo moja la saa 24, siku saba, ni saa 168 kwa wiki, takriban 728 kwa mwezi. Kwa kiwango cha zamani cha kampuni ndogo, 148,000 kwa saa 195, saa moja ni shilingi 759. Lindo hilo lina mshahara wa takriban 552,500 kwa mwezi, kabla ya sare, tochi, mchango wa hifadhi ya jamii na faida ya mwenye kampuni. Zabuni iliyoshinda kwa bei ya chini ya hapo, kwa lindo moja, imeshavunja sheria siku inaposainiwa, na mnunuzi amesaini akijua kuhesabu. Kwa nini ofisi ya umma isikatae zabuni ambayo hesabu yake haiwezi kumlipa mlinzi? Vyama vya wafanyakazi vinavyodai viwango kila Mei Mosi vingepata mengi zaidi kwa kudai mstari huo mmoja kwenye nyaraka za zabuni.

Narudi kwa mzee wangu, maana nilimwahidi jibu na nilimpelekea jioni ya siku ya tatu, limeandikwa kwenye karatasi. Kampuni yake ni ndogo. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku saba, bila siku ya mapumziko. Hizo ni saa 84 kwa wiki, 364 kwa mwezi. Sheria inamtaka afanye 195 za kawaida, na kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Niliacha amri mpya pembeni nikatumia ile ya zamani, ile ya 148,000. Saa 195 za kawaida zinatoa 148,000. Saa 169 zinazobaki, kwa shilingi 1,138 na ushee kila moja, zinatoa 192,400. Jumla 340,400, bila nyongeza ya kazi ya usiku na bila malipo ya siku za mapumziko alizonyimwa.

Aliitazama karatasi kwa tochi yake, akaisoma mara mbili. "Kumbe ilikuwa yangu toka mwaka juzi," akasema, akaikunja akaitia mfukoni mwa shati la sare.